Nani Aliteka Maji? Kazi ya Mwanamke katika Sanaa za Uwanda wa Makonde

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fasihi katika nchi hii amewahi kukutana na swali la "Jadili nafasi ya mwanamke". Jibu lake tunalijua kwa moyo tangu sekondari. Mwanamke amechorwa kama mama mlezi. Mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Mwanamke amechorwa kama kiumbe dhaifu. Mwishoni, ili msahihishaji asije akasema tumeegemea upande mmoja, mwanamke amechorwa kama jasiri na mwanamapinduzi. Hoja nne, mifano minne, basi.

Makala haya hayana ugomvi na swali. Ugomvi wake ni na orodha hiyo, kwa sababu kuna jambo moja halimo, nalo ni kazi. Hatuulizi mhusika wa kike anafanya kazi gani, anaamka saa ngapi, analipwa na nani, analipwa kwa siku au kwa kilo, na fedha ikishafika nyumbani inakaa mkononi mwa nani. Tunajadili tabia yake, mwili wake na ndoa yake, kana kwamba hana mikono.

Tuchukue mfano ulio karibu. Riwaya ya *Kuli* ya Shafi Adam Shafi (1979) inahusu wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wa 1948. Tunapoihakiki tunazungumzia tabaka, unyonyaji, ujira na umoja wa wafanyakazi. Ni sawa kabisa. Sasa tuifungue *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971). Kijijini Namagondo, Ukerewe, yumo Regina, mama yake Rosa, anayehangaika kuilisha familia ilhali mumewe Zakaria ni mlevi. Kurasa za wahakiki wetu zimejaa Rosa: barua yake, wanaume wake, kifo chake. Regina anapewa mstari mmoja, "mama mvumilivu", halafu tunaendelea na safari. Mwanamume akibeba mzigo, riwaya inaitwa ya kitabaka. Mwanamke akibeba mzigo, tunaita uvumilivu. Hebu tuulizane, jamani, tofauti hiyo imetoka kwa mwandishi au imetoka kwetu?

Nitalijadili suala hili kwa kutumia sanaa za kwetu, Newala juu ya uwanda wa Makonde na Masasi iliyo chini yake upande wa magharibi. Sababu yangu ni moja. Huko ndiko mtu anakoambiwa kwamba mwanamke alikwishapata haki zake zamani, kwa kuwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Kama hoja ya kazi inasimama hata hapo, basi inasimama popote.

Simulizi ya mwanamke wa kwanza

Simulizi ya asili ya Wamakonde imeandikwa na wengi na inasimuliwa kwa namna mbalimbali, lakini kiini chake ni hiki. Hapo mwanzo alikuwapo kiumbe mmoja, peke yake porini. Akachonga kinyago cha mti chenye umbo la mwanamke, na kinyago kile kikageuka mtu. Wakaishi karibu na mto, mtoto akazaliwa, akafa. Wakasogea juu kidogo, mtoto mwingine akazaliwa, naye akafa. Wakapanda hadi uwandani, na mtoto aliyezaliwa huko akaishi. Ndiyo maana, wanasema wazee, Mmakonde hukaa juu, mbali na mabonde na mito.

Uhakiki wa kawaida unaona hapa heshima kubwa kwa mwanamke: yeye ni mama wa kabila zima, na kinyago cha mama ndicho alama ya uhai. Mimi sipingi. Lakini tuisome simulizi hii kwa jicho la kazi. Mwanamume anachonga. Mwanamke anazaa. Kisha familia inahamia mahali pasipo na maji. Simulizi inaruka hapo hapo kwenda kwenye furaha ya mtoto aliyepona, wala haisemi nani alishuka kila alfajiri kwenda bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani.

Anayeijua Newala anajua kwamba swali hili si la mzaha. Udongo wa uwandani hunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini, miguuni mwa mteremko. Mradi wa maji wa Makonde ulianzishwa katika miaka ya 1950 ili kuyasukuma maji kutoka bondeni kwa mashine. Kabla ya hapo pampu ilikuwa shingo ya mwanamke. Hata baada ya mradi kujengwa, kila mashine ilipokufa au mafuta yalipokosekana, kazi ilirudi kwenye shingo ile ile.

Mhadhiri anaweza kuniambia kwamba hiyo ni sosholojia, na mhakiki ashughulike na fani. Vema, tushughulike na fani. Mruko wa wakati ndani ya hadithi ni mbinu ya usimulizi. Msimulizi huruka yale anayoyaona hayana tukio. Kuzaliwa ni tukio, kufa ni tukio, kuhama ni tukio. Kuteka maji hakuhesabiwi tukio kwa sababu kunatokea kila siku, na kwa sababu anayekufanya ni yule yule. Hivyo ukimya wa simulizi umo ndani ya muundo wake. Mhakiki asiyeuona hajamaliza kuisoma fani.

Kinyago na chungu

Kutoka kwenye simulizi twende kwenye kinyago chenyewe. Mtindo unaojulikana zaidi duniani kati ya mitindo ya kisasa ya Wamakonde ni ule uitwao ujamaa: gogo moja la mpingo lenye watu wengi waliobebana, wakipanda mmoja juu ya mwingine hadi kileleni. Wataalamu humtaja Roberto Yakobo Sangwani kuwa mwanzilishi wake, kama wanavyomtaja Samaki Likankoa kwa mtindo wa shetani. Yote hayo yalitokea Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na kuendelea, kwenye soko la vinyago. Watu waliobebana huelezwa kuwa familia, ukoo au taifa, na mara nyingi mama ndiye mhimili wa gogo lote.

Kijadi uchongaji ni kazi ya wanaume, na ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 akibeba kamera na fonografu, aliandika juu ya sanaa hizi zote mbili, na wanawake wafinyanzi aliwatazama wakiwa kazini. Tangu siku hizo kinyago kimepanda ndege. Kimefika Ulaya na Marekani, kina majina ya mitindo, na wachongaji wake wana majina vitabuni. Chungu kimebaki jikoni, na aliyekifinyanga hana jina.

Tusijidanganye kwamba sababu ni ubora wa sanaa tu. Mpingo uliuzika kwa watalii. Chungu ni kizito, kinavunjika, na mnunuzi wake ni jirani anayelipa kwa unga. Soko ndilo lililoamua kipi kiitwe sanaa na kipi kiitwe chombo. Sisi wahakiki tukafuata soko, kisha tukaja kuandika kwamba "mwanamke anatukuzwa katika sanaa ya Kimakonde". Anatukuzwa, ndiyo, lakini kama umbo. Mkono uliolipwa ni wa mwingine.

Ipo kazi moja ya sanaa ya wanawake ambayo ina malipo na ina cheo, nayo ni ukungwi. Kungwi wa unyago ni mwalimu, mtunzi, mwigizaji na hakimu. Alikuwa akilipwa kwa nafaka, kuku, kitambaa, hata fedha. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, aliyeiongoza dayosisi hiyo tangu 1926 hadi 1944, aliona nguvu ya jando na unyago kiasi cha kuamua kuvigeuza kuwa ibada za Kikristo badala ya kuvipiga marufuku. Leo tunaposikia neno unyago tunakimbilia kusema "mila potofu". Yamo mafunzo ndani yake yanayostahili kupingwa, hasa yanayomwandaa mtoto wa kike kwa ndoa kabla hajamaliza shule, na mimi nayapinga. Lakini mhakiki asiyemwona kungwi kama mtaalamu anayefanya kazi yake ataendelea kuamini kwamba mwanamke wa kwanza kuwa na taaluma Newala alikuwa karani wa serikali.

Nguzo Mama na daftari la vibarua

Tuje kwenye maandishi. *Nguzo Mama* (1982) ya Penina Muhando ndiyo tamthilia tunayoitaja zaidi katika mada ya ukombozi wa mwanamke. Wanawake wa kijiji cha Patata wanatakiwa kuisimamisha nguzo. Wanashindwa. Kila mmoja ana mkwamo wake: yuko mjane anayenyang'anywa mali na ndugu wa marehemu mumewe, yuko anayehangaika na biashara ndogo ambayo fedha yake haikai mkononi mwake. Na wote wanaitwa kwa namba, Bi Moja, Bi Pili, hadi Bi Nane.

Uhakiki wetu husema mambo mawili. Kwanza, namba zinaonyesha kwamba mwanamke hana utambulisho. Pili, nguzo haisimami kwa sababu wanawake hawana umoja. Hoja ya pili imekuwa kama methali: "adui wa mwanamke ni mwanamke". Mimi naona tumemsingizia Muhando.

Tuzisome namba kama zinavyosomwa kwenye daftari la vibarua. Kibarua huitwa namba kwa sababu aliyeko juu anahitaji mikono minane, wala si majina manane. Kisha tuitazame nguzo yenyewe. Kuisimamisha ni kazi, na kazi hudai muda na nguvu. Wanawake hawa wanafika kwenye nguzo wakiwa wamekwishachoka, na kila wanapoikamata wanaitwa nyumbani. Mtu hawezi kuwa na umoja na wenzake kama hana saa moja iliyo yake. Tamthilia inaonyesha upungufu wa muda, sisi tumesoma upungufu wa tabia.

Hata hivyo nina lawama kidogo kwa tamthilia hii. Mkazo wake mkubwa uko ndani ya nyumba: mume, mashemeji, ulevi, mirathi. Mtazamaji anaweza kurudi kwao akiamini kwamba wanaume wa Patata wakiwa wema, nguzo itasimama. Hapo ndipo uwanda wa Makonde unapotusaidia kusahihisha.

Mtu wa Newala akimwona mjane wa Patata ananyang'anywa mali na upande wa mume anaweza kusema, "Kwetu hilo halipo, watoto ni wa ukoo wa mama." Kweli, lakini aliyekuwa na kauli katika ukoo huo ni nani? Ni mjomba. Ukoo ulipita kwa mwanamke, na kauli ikakaa kwa kaka yake. Kisha ukaja mkorosho. J. Gus Liebenow, aliyeandika juu ya Wamakonde na utawala wa kikoloni, ni mmoja wa waliotuonyesha jinsi mambo ya wakati huo yalivyoitikisa mila. Shamba la mtama hulimwa na kuachwa, lakini mkorosho hukaa miaka mingi, na mwanamume aliyeupanda alitaka kumwachia mwanawe, wala si mpwa wake. Mwanamke akawa kati ya mjomba anayeondoka na baba anayeingia. Mabibo aliokota yeye, korosho alikusanya yeye. Mauzo yalipofika, daftari lilikuwa na jina la mwenye mikorosho. Katika njaa ya kabla ya msimu ndiye aliyekwenda na bakuli kwa mnunuzi wa kangomba, akauza kwa bei ya kutupa mazao yaliyokuwa bado mtini.

Meza ya kubangulia

Msomaji atauliza korosho zinaingiaje katika gazeti la uhakiki. Zinaingia kwa sababu hapo ndipo sehemu ya kazi ya mwanamke wa Newala na Masasi inapoonekana waziwazi, na fasihi yetu bado haijaifikia.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kwa mikopo ya nje vikajengwa viwanda vikubwa vya kubangua, vikiwamo vya Newala na Masasi. Lakini wakati huo huo watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, na bei iliwavunja moyo. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vikakosa korosho, vikafungwa, vingine vikageuka maghala. Mavuno yalipopanda tena miaka ya baadaye, sehemu kubwa ya korosho ilisafirishwa ghafi, hasa India na baadaye Vietnam.

Kusafirisha korosho ghafi ni kusafirisha kazi, na kazi hiyo ni ya wanawake. Korosho za Afrika Mashariki zilibanguliwa kwa miongo mingi huko Kollam, jimbo la Kerala, ambako wabanguaji karibu wote ni wanawake. Mwanahistoria Anna Lindberg ameonyesha jinsi kazi za wanaume katika viwanda hivyo zilivyolipwa kwa muda, na za wanawake kwa kipimo cha walichobangua. Palipobaki ubanguaji kwetu, viwandani au katika vikundi vya akina mama, sura ni hiyo hiyo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Mbanguaji hupaka majivu au mafuta mikononi, anakata moja moja, kisha mwingine anamenya, mwingine anapanga madaraja. Iliyo nzima ina bei, iliyovunjika inampunguzia malipo. Mama zangu wadogo wawili wameifanya kazi hii. Ukiwashika mikono huhitaji maelezo.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, inamtaka mwajiri kukuza fursa sawa, inatoa siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, na inamruhusu mama kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Haya ni mapato ya kweli, na yalipiganiwa. Lakini tuipime ile ya saa mbili kwenye meza ya kubangulia. Anayelipwa kwa mwezi akienda kunyonyesha mshahara wake unabaki pale pale. Anayelipwa kwa kilo akiondoka meza yake inanyamaza, na jioni mizani haijui kwamba alikuwa na mtoto. Haki anayo, ila anaigharimia mwenyewe.

Hapa orodha yetu ya mtihani hukimbilia hoja ya nne, mwanamke jasiri. Mifano haikosekani. Mama Anna Abdallah wa Masasi alikuwa Waziri wa Afya tangu 2000 hadi 2005 na baadaye mwenyekiti wa Bodi ya Korosho. Mwaka 2021 mwanamke aliapishwa kuwa Rais. Nafurahi, tena sana. Msichana wa Newala anayewaona hawezi kuambiwa kwamba ofisi ni za kiume. Ila kwa mhakiki shujaa mmoja ana hatari yake. Anatupa ruhusa ya kufunga kitabu mapema, tukiwa tumeitazama ngazi ya juu tu na kuiacha meza pale ilipo.

Hitimisho

Ninachopendekeza ni kidogo na kinaweza kuanza katika semina ya wiki ijayo. Kabla ya kuandika kwamba mwanamke "amechorwa kama" kitu chochote, tutafute kwanza katika matini kazi yake. Anafanya nini kwa mikono? Nani analipwa kwa kazi hiyo, na kwa kipimo gani? Na kama matini imenyamaza, imerukia wapi? Maswali haya yatuhusu wote, kwani wenzetu wa kiume ndio wengi kati ya wanaoandika uhakiki huu, nao pia wamelelewa na akina Regina.

Kwa watunzi nina ombi. Tunayo riwaya ya makuli wa bandarini. Hatuna riwaya ya meza ya kubangulia, yenye mzani, msimamizi, mtoto anayelia nje ya uzio na wanawake wanaojadiliana kama wagome au wamalize gunia. Wanaoyajua hayo kwa undani wako Newala na Masasi, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu mwenye kalamu. Likizo ndefu inakuja. Walio wa huko wanajua nauli ya kwenda nyumbani. Wachukue na daftari.